Utafiti wa Kitabibu wa Magonjwa ya Kuambukiza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya aliyeombwa kushiriki utafiti, mwenye mgonjwa wodini, mwanafunzi wa afya, na yeyote anayesikia kila siku kwamba "utafiti umeonyesha" bila kuelezwa umeonyeshaje. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekuhudumia.

Utafiti wa kitabibu ni nini, na una tofauti gani na ule wa maabara?

Ni utafiti unaofanywa kwa watu wenyewe: wagonjwa, waliopona, au wazima walio katika hatari ya kuambukizwa. Maabara inaweza kuonyesha kwamba dawa fulani inazuia kirusi kuzaliana ndani ya chupa, lakini chupa haina ini, figo, moyo wala mfumo wa kinga. Mwaka 2020 haidroksiklorokwini, dawa ya zamani ya malaria, ilisifiwa sana dhidi ya UVIKO-19, na sehemu kubwa ya sifa hizo ilitokana na majaribio ya maabara. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa waliolazwa, katika utafiti mkubwa wa RECOVERY nchini Uingereza, haikupunguza vifo.

Kwa magonjwa ya kuambukiza, tafiti nyingi hujibu mojawapo ya maswali matatu: mtu huyu anaumwa nini, ugonjwa huu unazuiwaje, na hali ya mgonjwa huyu itaelekea wapi. Kila swali lina namna yake ya kuchunguzwa, na lina namna yake ya kupotosha. Kwa hiyo, ukikutana na habari ya utafiti wowote, tafuta kwanza ulikuwa unajibu swali lipi, na kwa watu gani. Mkanganyiko mwingi ninaokutana nao huanzia hapo: jibu la swali moja linachukuliwa na kupachikwa kwenye swali jingine.

Daktari mwenye uzoefu wa miaka mingi si anajua tayari kinachofaa?

Anajua mengi, na bila jicho lake hakuna utafiti unaoanza. Lakini jicho humwona mgonjwa mmoja mmoja, tena huona yaliyotokea tu. Haliwezi kuona ambavyo mgonjwa yuleyule angekuwa kama angetibiwa vingine.

Mfano ninaourudia kila nipatapo nafasi ni utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Kwa miaka mingi mafunzo ya dharura yalielekeza kwamba mtoto mahututi mwenye homa, ambaye mikono na miguu imekuwa ya baridi na mapigo yake ni dhaifu kwa sababu damu haizunguki vizuri, apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Lilionekana jambo lisilo na mjadala. Watafiti wakawagawa watoto zaidi ya 3,000 kwa nasibu. Kundi la kwanza lilimiminiwa maji ya chumvi kwa haraka, la pili maji yenye albumini (protini ya damu) kwa haraka, na la tatu likapewa maji ya kutosheleza mahitaji ya mwili tu, polepole. Dawa na uangalizi mwingine vilikuwa vilevile kwa wote. Baada ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 kwenye makundi mawili ya maji ya haraka, na asilimia 7.3 kwenye kundi la tatu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Kinachonigusa zaidi kimo katika uchambuzi uliofuata. Watoto waliomiminiwa maji walionekana kupata nafuu mapema kuliko wenzao. Zile dalili za mzunguko mbaya wa damu ziliondoka haraka zaidi. Muuguzi aliyesimama pale angeapa kwamba maji yanasaidia. Vifo vilikuja baadaye, na kila kimoja kingehesabiwa kuwa ni kazi ya malaria au ya maambukizi kwenye damu. Uzoefu wa mtu mmoja, hata uwe wa miaka 30, usingeweza kuligundua hilo bila kundi la kulinganisha.

Jambo moja lisisahaulike: watoto wanaoharisha na kuishiwa maji mwilini, pamoja na wale wenye utapiamlo mkali, hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na matokeo ya FEAST hayamhusu.

Kugawanywa kwa nasibu si ni kucheza kamari na maisha ya mtu?

Swali hili linastahili jibu la heshima, maana anayeliuliza mara nyingi ana mgonjwa wake mbele yake.

Kugawa kwa nasibu maana yake ni kwamba si daktari wala mgonjwa anayechagua nani apate tiba ipi. Kama daktari angechagua, angewapa dawa mpya wale anaoona bado wana matumaini, au kinyume chake angewapa waliozidiwa kwa kuwa hakuna kingine cha kuwafanyia. Kwa vyovyote vile makundi yangetofautiana tangu mwanzo, na mwishoni hakuna ambaye angejua kama tofauti imeletwa na dawa au na wagonjwa wenyewe. Nasibu huyafanya makundi yafanane, hata kwa mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima.

Mfano wa mapema unaotajwa sana ni utafiti wa streptomaisini kwa kifua kikuu, uliochapishwa Uingereza mwaka 1948. Dawa ilikuwa haba, haikutosha kwa wote. Wagonjwa 55 walipata dawa pamoja na kupumzishwa kitandani, na 52 walipumzishwa kitandani tu, ambayo ndiyo ilikuwa tiba ya wakati huo. Mgawanyo ulifichwa ndani ya bahasha zilizofungwa ili daktari asijue mapema mgonjwa anayemwingiza ataangukia wapi. Baada ya miezi 6, walikuwa wamekufa 4 kwenye kundi la dawa na 14 kwenye kundi la pili.

Sharti la kimaadili ni hili: mgawanyo wa nasibu unaruhusiwa pale tu ambapo wataalamu kwa dhati hawajui ipi ni bora. Ikishajulikana, hakuna ruhusa ya kuendelea kumnyima mtu iliyo bora.

Kwa hiyo kundi la ulinganisho hunyimwa matibabu?

Hapana. Hupewa tiba bora inayokubalika kwa wakati huo. Plasebo, yaani dawa isiyo na kiini chochote, hutumiwa pale ambapo hakuna tiba iliyothibitishwa, au hutolewa juu ya tiba ya kawaida ambayo wote wanaipata.

Wakati wa mlipuko wa Ebola katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, utafiti wa PALM haukutumia plasebo kabisa. Ulilinganisha dawa nne, na kila mgonjwa alipata mojawapo pamoja na matunzo kamili. Mwezi Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilipoona dawa mbili zinaokoa zaidi, ilishauri mgawanyo ule usimamishwe. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa takribani asilimia 50 kwa dawa iliyotumika kama kipimo cha ulinganisho, na takribani asilimia 35 na 34 kwa zile mbili. Kamati za namna hiyo hutazama takwimu wakati utafiti ukiendelea, na wajumbe wake si watafiti wenyewe.

Kipimo kikionyesha nina ugonjwa, ni hakika ninao?

Inategemea kipimo, na inategemea pia ugonjwa umeenea kiasi gani miongoni mwa watu wa aina yako. Hilo la pili husahaulika sana, hata na wataalamu, kwa hiyo nitalifanyia hesabu.

Tuchukue kipimo kizuri: kati ya watu 100 wenye ugonjwa kinawakamata 95, na kati ya 100 wasio nao kinawaachia 98. Kitumie kwa watu 10,000 ambao asilimia 1 tu wana ugonjwa. Wagonjwa ni 100, na kipimo kitawakamata 95. Wasio wagonjwa ni 9,900, na kipimo kitawasingizia asilimia 2, yaani 198. Jumla ya waliopata majibu ya "unao" ni 293, na wenye ugonjwa kweli ni 95 tu. Kwa kila watu watatu walioambiwa wanao, takribani wawili hawana.

Kipeleke kipimo hichohicho kwenye wodi ambako wagonjwa 20 kati ya 100 wana ugonjwa huo. Katika watu 10,000, wenye ugonjwa ni 2,000, na 1,900 watakamatwa. Wasio nao ni 8,000, na 160 watasingiziwa. Sasa aliyeambiwa anao, uwezekano wa kuwa nao kweli umefika asilimia 92. Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu.

Ndiyo sababu majibu ya VVU hayatolewi kwa kipimo kimoja, na ndiyo sababu kupima kila mtu kwa kila ugonjwa, jambo linalosikika kama uangalifu, huweza kuzalisha wagonjwa wasio wagonjwa. Ukipata jibu linalokushtua bila ya kuwa na dalili wala sababu ya kuwa hatarini, omba kipimo cha kuthibitisha kabla ya kuanza dawa.

Na kikionyesha sina?

Hapo kuna mambo zaidi ya takwimu. Kuna muda: baada ya kuambukizwa VVU, hupita wiki kadhaa kabla ya kingamwili kufikia kiwango ambacho kipimo cha haraka kinakiona. Kuna wingi wa vijidudu: hadubini huhitaji maelfu ya bakteria wa kifua kikuu katika kila mililita ya makohozi, hivyo mtoto mdogo au mtu mwenye VVU aliyedhoofika, ambao makohozi yao huwa na bakteria wachache, hupitwa. Kipimo cha vinasaba kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 huona bakteria wachache zaidi, na ndani ya takribani saa 2 husema pia kama wana usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Kuotesha makohozi bado huona zaidi, ila majibu huchukua wiki.

Malaria ina mitego yake. Kipimo cha haraka kinachotumika sana hutafuta protini ya kimelea cha Plasmodium falciparum, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa akapona anaweza kuonekana bado ana malaria. Upande wa pili, kuna vimelea visivyo na jeni ya kutengeneza protini hiyo, na mtu anaweza kuwa navyo huku kipimo kikisema hana. Viliripotiwa kwanza Peru, kisha vikapatikana Eritrea kwa wingi uliolazimu nchi hiyo kubadilisha aina ya kipimo.

Kuhusu homa ya matumbo nasema bila kuzunguka: kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwishoni mwa karne ya 19, hakitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kinatafuta kingamwili, nazo zinaweza kuwepo kwa sababu ya maambukizi ya zamani, chanjo, au bakteria wengine wanaofanana. Watu wengi wamemeza antibayotiki kwa ajili ya homa ya matumbo ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na malaria au ugonjwa mwingine ukaachwa bila tiba. Kuotesha damu ni njia bora zaidi, ingawa nayo huwapita wagonjwa wengi.

Kipimo kipya huthibitishwaje?

Hulinganishwa na kipimo kingine kinachokubalika kuwa cha kuaminika, kwa watu walewale, na anayesoma kimoja hapaswi kujua majibu ya kingine. Kosa la kawaida ni kuchagua wagonjwa wa wazi upande mmoja na watu wenye afya kamili upande wa pili. Kwa watu hao karibu kila kipimo hung'aa. Lakini daktari hahitaji kipimo cha kutofautisha aliyezidiwa na mzima. Anahitaji cha kumsaidia kwa mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki tatu ambaye inaweza kuwa kifua kikuu na inaweza isiwe.

Kuna swali zito zaidi ambalo halifikiriwi: je, kipimo bora huokoa maisha? Utafiti wa TB-NEAT, uliochapishwa mwaka 2014, ulifanyika Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania. Uliweka kile kipimo cha vinasaba kliniki badala ya hadubini. Wagonjwa zaidi walianza dawa siku ileile. Hata hivyo, baada ya miezi 6 hali zao hazikutofautiana na za wenzao, kwa sababu hata pale hadubini iliposema hakuna, madaktari waliwaanzishia dawa wagonjwa wengi kwa kuangalia dalili na picha ya kifua. Mimi silisomi tokeo hilo kama kushindwa kwa kipimo. Linatuambia kwamba kipimo ni kiungo kimoja tu kati ya mgonjwa na kupona kwake.

Kwa nini utafiti wa chanjo huhitaji maelfu ya watu?

Kwa sababu wengi wa washiriki hawataugua hata bila chanjo. Ikiwa mtu 1 kati ya 100 huugua kwa mwaka, basi katika kundi la watu 1,000 wasiochanjwa watapatikana wagonjwa 10 tu, na tofauti kati ya 10 na 5 inaweza kuwa bahati tupu. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilifanyiwa utafiti kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza kwa matumizi mapana Oktoba 2021.

Chanjo yenye ufanisi wa asilimia 60 maana yake 40 kati ya 100 wataugua?

La. Ikiwa bila chanjo wangeugua watu 10 kati ya 100, kwa chanjo hiyo wataugua 4. Asilimia 60 ni ya wale 10.

Tena namba ndogo isidharauliwe. Kwa watoto waliopata dozi nne za RTS,S kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 36 katika takribani miaka 4 ya kufuatiliwa. Wapo walioicheka. Chanjo hiyo ilipotolewa kwa majaribio Ghana, Kenya na Malawi tangu 2019, vifo vya watoto waliostahili kuchanjwa, vya sababu zote ukiondoa ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Kwa ugonjwa unaoua watoto wengi kiasi hicho, hiyo ni hesabu ya makaburi yasiyochimbwa.

Kwa nini dawa ya kinga ifanye kazi katika utafiti mmoja na ishindwe katika mwingine?

Vidonge vya kuzuia VVU ndio mfano unaofundisha zaidi. Mwaka 2010 utafiti wa iPrEx, uliofanywa hasa kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, ulionyesha maambukizi yalipungua kwa asilimia 44. Baadaye tafiti mbili kwa wanawake barani Afrika, FEM-PrEP na VOICE, hazikuona kinga yoyote. Je, dawa haifanyi kazi kwa wanawake? Damu iliyohifadhiwa ilitoa jibu. Katika VOICE, dawa ilionekana katika takribani theluthi moja tu ya sampuli au chini ya hapo, ingawa wengi walikuwa wameripoti kwamba wanameza kila siku.

Ni rahisi kuwalaumu wanawake wale, na ni makosa. Walipoulizwa kwa upole baadaye, wengi walieleza hofu ya kudhaniwa wana VVU kwa kuonekana na vidonge vinavyofanana na vya wagonjwa, wasiwasi kuhusu madhara, na wenzi wasioelewa. Utafiti ulikuwa umepima kidonge pamoja na maisha ambayo kidonge hicho kilitakiwa kumezwa ndani yake. Funzo hilo lilisukuma utafutaji wa kinga isiyohitaji kukumbukwa wala kufichwa kila siku. Mwaka 2024 utafiti wa PURPOSE 1 nchini Afrika Kusini na Uganda ulitoa matokeo ya lenakapavia, sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka: kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopangiwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Kinga inaweza pia kupitia kwa aliye na ugonjwa. Utafiti wa HPTN 052, uliohusisha jozi 1,763 za wenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kumwanzishia mapema dawa mwenye VVU kulipunguza maambukizi kwa mwenzi wake kwa asilimia 96.

Daktari anajuaje ni mgonjwa yupi atazidiwa?

Hutumia uzoefu pamoja na alama zilizotokana na tafiti za kubashiri. Watafiti huwafuatilia wagonjwa wengi tangu siku ya kwanza, kisha huangalia ni dalili zipi za siku hiyo ziliwatenga waliokufa na waliopona. Kwa homa ya mapafu ya watu wazima, alama ya CURB-65 ya mwaka 2003 hutumia mambo matano, kila moja likihesabiwa pointi 1: kuchanganyikiwa, urea kupanda katika damu, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu kushuka, na umri wa miaka 65 au zaidi. Mwenye 0 au 1 mara nyingi anaweza kutibiwa nyumbani. Mwenye 3 na kuendelea ni mgonjwa mkali.

Alama hiyo ilitokana na wagonjwa wa Uingereza, New Zealand na Uholanzi, ambako homa ya mapafu huua hasa wazee. Mahali ambapo wagonjwa wengi ni vijana wenye VVU, kijana aliye mahututi anaweza kupata alama ndogo kwa sababu tu hana miaka 65. Kwa hiyo kila alama inapaswa kupimwa upya kwa watu ambao itatumika kwao, na isimzuie mhudumu kuamini anachokiona.

Kwa ndugu wa mgonjwa: ukiambiwa uwezekano wa kufa ni asilimia 20, maana yake katika wagonjwa 100 walio kama wako, 20 walikufa na 80 waliishi. Alama haijui wako yuko upande gani.

Akili mnemba haitafanya ubashiri huo vizuri zaidi?

Huenda katika baadhi ya mambo, lakini rekodi mpaka sasa inataka tahadhari. Katika janga la UVIKO-19, mapitio yaliyochapishwa na kuhuishwa katika jarida la BMJ yalikusanya mifumo ya ubashiri zaidi ya 200. Karibu yote ilikutwa na kasoro kubwa: wagonjwa wachache, kuwaacha nje ambao bado wamelazwa, au kutojaribiwa kabisa kwa wagonjwa wa mahali pengine.

Hatari nyingine ni ya ndani zaidi. Miaka ya 1990 nchini Marekani, mfumo uliofundishwa kwa rekodi za wagonjwa wa homa ya mapafu ulijifunza kwamba mwenye pumu ana uwezekano mdogo wa kufa. Ukweli ni kwamba wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja wodi ya wagonjwa mahututi, na huduma hiyo ndiyo iliyowaokoa. Kama mfumo ule ungeachiwa uamuzi, ungewarudisha nyumbani. Takwimu za hospitali tayari zina matibabu ndani yake, na mashine haiulizi yalitoka wapi.

Dawa moja inaweza kuokoa katika ugonjwa mmoja na kudhuru katika mwingine?

Ndiyo, na deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe na mfumo wa kinga, ni ushahidi wa wazi. Katika RECOVERY, mwaka 2020, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, na vya waliohitaji oksijeni tu kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote, na mwelekeo ulikuwa wa madhara. Huko Vietnam, mwaka 2004, iliokoa maisha ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na kifua kikuu. Lakini ilipojaribiwa kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokokasi kwa watu wenye VVU, katika nchi 6 za Asia na Afrika, utafiti ulisimamishwa kwa sababu waliopata dawa hiyo walipata ulemavu na madhara zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Anayenunua deksamethasoni kwa sababu "ilisaidia UVIKO" anahatarisha maisha yake.

Naweza kukataa kushiriki, au kutoka katikati?

Ndiyo, wakati wowote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Haki hiyo ina historia chungu. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee nchini Marekani, idara ya serikali ya afya ya umma ilifuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na bila kuwapa penisilini hata ilipokuwa tayari ndiyo tiba inayojulikana. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na marekebisho yake yanataka utafiti upitiwe na kamati ya maadili na mshiriki aelezwe kikamilifu kabla ya kukubali.

Kusaini fomu si kuelewa. Ukiombwa, uliza kwa lugha yako: Nisiposhiriki nitapata tiba gani? Mnajua nini na hamjui nini kuhusu dawa hii? Nikidhurika, nani atagharimia matibabu yangu? Damu yangu itahifadhiwa muda gani, itapelekwa wapi, na itatumika kwa utafiti mwingine? Utafiti ukifaulu, sisi tulioshiriki tutaipata dawa? Mtafiti anayekasirishwa na maswali hayo hastahili saini yako. Na kama unahitaji kwenda kwanza kushauriana na familia, nenda.

Matokeo yakitoka, nitaambiwa?

Unapaswa kupewa nafasi ya kuambiwa. Azimio la Helsinki linalitaja hilo. Shirika la Afya Duniani, katika tamko lake la mwaka 2015, lilitaka matokeo makuu ya kila jaribio yawekwe hadharani kwenye daftari la usajili ndani ya miezi 12 tangu utafiti kukamilika, yawe mazuri au mabaya. Tafiti zisizotangazwa huacha wengine warudie majaribio ya dawa ambayo tayari ilishindwa, kwa miili ya watu wengine. Kabla ya kuondoka siku ya kusaini, omba namba ya usajili ya utafiti na uiandike pembeni ya nakala yako ya fomu. Kwa namba hiyo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuutafuta utafiti huo, kuona ulipangiwa kupima nini tangu mwanzo, na kuona kama walichotangaza mwishoni ndicho hicho.